Mtihani umekwisha, nitumeni sokoni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeshtuka tena. Karatasi ya mwisho niliifanya Ijumaa, leo ni Jumanne, lakini mwili haujapewa taarifa. Mkono ulikwenda wenyewe chini ya mto kutafuta daftari ukakuta soksi ya Papaa. Nikalala chali nikisikiliza adhana kutoka bondeni, kisha jogoo wa mwenye nyumba, kisha bodaboda ya kwanza ikipanda kilima cha Kikoni, hapa Kampala, huku ikilalamika. Wiki tatu zilizopita saa hizi nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, simu mdomoni inamulika, nakariri. Sasa sina cha kukariri, na usingizi umegoma kurudi. Nikajikuta nalijibu upya swali la nne ambalo najua fika nililiharibu. Upuuzi mtupu.

Niwaeleze tuko wangapi. Tuko wanne, vyumba viwili na sebule, nyuma ya chuo. Mimi natoka Tanga. Papaa ni wa Goma. Dokta ni wa Mombasa. Hasomei udaktari, ila ana dawa ya kila ugonjwa na dawa yenyewe ni ndimu. Wa nne ni Afande, wa Arua, raia pekee wa Uganda humu ndani, na hajawahi kushika bunduki maishani. Jina alipewa na majirani. Kwao Arua Kiswahili amekisikia tangu utotoni, na hapa Kampala mtu akikizungumza bila kubabaika hudhaniwa ni askari.

Saa mbili. Maji yamekatika, zamu ni yangu. Madumu mawili ya lita ishirini, bomba liko kwa jirani, mteremko kwenda na mlima kurudi. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Saa tatu, kifungua kinywa. Wenzangu wameamka, na wakati wa mitihani tulikunywa chai tukiwa tumesimama, kwa hiyo siku hizi tunakwenda kwa muuza roleksi na kukaa pale makusudi, kama watu wenye mashamba. Jina halina uhusiano na saa ya mkononi: ni Kiingereza cha mayai yaliyoviringishwa, kikatamkwa haraka haraka hadi kikawa hivyo. Kijana wetu huvunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anakatia kitunguu, nyanya na kabichi juu ya kikombe chenyewe bila ubao, kisu kikimwelekea kidole gumba, na hajawahi kujikata mbele yangu. Chumvi, anakoroga kwa uma, anamwaga kwenye chuma bapa chenye mafuta. Yai likianza kushika pembeni anabandika chapati juu yake, anasubiri kidogo, anageuza, kisha anaviringisha kwa vidole vitupu. Dokta aliomba ndimu. Kila siku anaomba, na kila siku kijana anamtazama vilevile.

Papaa hakula roleksi. Aliagiza kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage. Ndicho chakula kilichotusomesha, hasa zile wiki ambazo pesa kutoka nyumbani zilikuwa bado njiani. Nilidhani tukimaliza mitihani hatakitazama tena. Yeye anasema sasa ndiyo anakila kwa hiari, na ladha ni nyingine.

Saa tano. Kwenye mlango wa jikoni tumebandika karatasi ya mahitaji. Kila mtu huandika anachotaka kwa neno la kwao, na anayekwenda sokoni atajua mwenyewe. Wiki yangu ya kwanza katika nyumba hii Afande aliandika neno moja tu: dodo. Nikafurahi. Kwetu Tanga dodo ni embe, lile kubwa lenye nyama nene, na nilikuwa sijala embe la maana tangu nivuke mpaka. Nililizunguka soko zima la Kalerwe, nikachagua sita nikiyanusa moja moja, nikarudi kifua mbele. Afande aliutazama mfuko muda mrefu sana. Dodo ya Uganda ni mchicha. Usiku ule tulikula posho kwa embe. Ugali na embe, ndugu zangu, msijaribu.

Tangu hapo tunabishana. Mboga hiyohiyo mimi na Dokta tunaiita mchicha, Papaa anaiita lengalenga, Afande ameshikilia dodo yake. Kwenye samaki ni vita kubwa zaidi. Mimi naandika dagaa, Dokta anafuta anaandika omena, Afande anafuta anaandika mukene, na wote watatu tunamzungumzia samaki yuleyule wa Ziwa Victoria. Papaa huandika sambaza na hafutiki. Husema sambaza wa Ziwa Kivu ni samaki mwingine kabisa, na hapo ana haki, kwa sababu wale wa kwao waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ila ukimuuliza kwa nini basi anamwandika kwenye karatasi ya soko la Kampala, anakwambia ni kwa ajili ya heshima.

Kalerwe tulikwenda kwa miguu kupitia Bwaise. Taksi zilikuwepo, zile za abiria kumi na wanne ambazo kwetu ni daladala, lakini mtu asiye na haraka ya nini kulipia kiti? Mama wa mboga tumezoeana. Nilimwambia "Nnyabo, salako," yaani mama, nipunguzie, na akafanya kama alivyofanya miaka yote mitatu: hakupunguza hata shilingi, akachukua konzi nyingine ya majani akaitupia juu ya fungu. Hiyo ni nyongeza, na neno ni lilelile kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Nilipoligundua hilo mwaka wa kwanza ndipo nilipoacha kuuogopa mji huu.

Saa saba mvua ikashuka, ya dakika arobaini, ya kupiga mabati mpaka hamsikizani. Tukaingiza jiko la mkaa barazani. Afande alipika mchuzi wa karanga na hao samaki wasio na jina moja. Karanga za kusaga hukorogwa kwanza na maji ya vuguvugu, kisha unasimama nazo. Huondoki. Ukigeuza shingo tu sufuria inafoka na mkaa unazimika. Afande alisimama na mwiko kama mlinzi wa benki huku sisi tukimpa ushauri ambao hakuuomba, mpaka mchuzi ukageuka ile rangi yake, baina ya waridi na zambarau, na mafuta yakaanza kujitokeza juu. Kwa hapo hakuna mbishi. Tulikula kimya.

Saa tisa. Jua limerudi na mzee Ssalongo ametoka na ubao wake chini ya mparachichi. Hili si jina lake. Ni heshima wanayopewa baba wa pacha huku Buganda, na hakuna anayemwita kwa lingine. Ubao ni wa omweso. Nilipouona mara ya kwanza nilicheka kwa furaha: mashimo thelathini na mawili, safu nne, mbegu sitini na nne. Bao letu hilo! Nikakaa, nikafungwa mara tano mfululizo.

Ubao ndio uleule, mchezo sio. Bao la Kiswahili tunaanza na kete chache ubaoni, zilizobaki ishirini na mbili kila mtu anazo mkononi na anaziingiza moja moja, halafu kuna nyumba, shimo maalumu la kulinda. Ssalongo hajui nyumba ni nini. Kwao mbegu zote, empiki, zinakuwa ubaoni na mtu huzipanga upande wake apendavyo kabla ya kuanza, kwa hiyo nusu ya vita iko katika kupanga. Na wakila wanakula shimo la mbele pamoja na la nyuma yake kwa mpigo, mradi yote mawili yana kitu. Mimi niliyezoea kuificha mali safu ya nyuma nilikuwa namhifadhia chakula.

Leo nilimfunga. Mara moja, katika michezo sita, na nashuku alikuwa anawaza mambo mengine, kwa sababu Afande alikuwa amemuuliza kama amejifunza Kiswahili sasa. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na Afande hupenda kumkumbusha. Ssalongo alitikisa mbegu kiganjani. Akasema, kwa Kiganda, Afande akitutafsiria, kwamba Kiswahili anakijua tangu zamani, ila maneno mawili tu yanamtosha: panda gari. Akayatamka vizuri kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndivyo zilivyoitwa zile operesheni za kijeshi hapa mjini. Watu walizolewa barabarani na kupakiwa kwenye malori, na wengine hawakurudi.

Tulinyamaza. Mimi hayo maneno nimeyasikia maisha yangu yote kwa makonda wa stendi ya Tanga wakigombea abiria. Kisha mzee akanisukumia ubao, akanionyesha shimo. Zamu yangu. Baadaye alimwomba Dokta amfundishe neno la kumwambia mshindi, na Dokta akampa "hongera". Alinipa mkono akalisema, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

Saa kumi na mbili tulikwenda kwenye kibanda. Huku kibanda ni ukumbi wa video, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, na mtafsiri mwenye kipaza sauti ambaye humeza sauti za waigizaji wote na kuwasemea kwa Kiganda, akiongeza yake. Filamu ilikuwa ya Wachina. Mchina mmoja alikuwa akimdai mwenzake kodi ya chumba, eti Nakulabye, mtaa wa hapa Kampala. Afande alikuwa ananitafsiria kwa Kiswahili, mimi namfikishia Papaa kwa kile anachokiita Kiswahili cha watu waungwana, na Papaa anacheka nusu dakika baada ya ukumbi mzima, peke yake, mpaka watu wakawa wanageuka kumcheka yeye.

Saa nne usiku. Umeme hakuna, na ni sisi wenyewe: kila mmoja alidhani mwingine amenunua yuniti. Makaa ya jioni bado yana roho, tukachemsha chai ya tangawizi. Papaa anaondoka Alhamisi na basi, Dokta Jumamosi. Mimi bado nina wiki, nasubiri karatasi fulani isainiwe na ofisi fulani, hadithi ndefu na inanichosha kuisimulia. Tuligawana vyombo. Sufuria kubwa inakwenda kwa Afande kwa kuwa ndiye anayebaki Kampala, na mwiko aliunyakua Papaa bila kujadiliana na mtu.

Nikachukua kalamu na simu ya Dokta inimulikie, nikaandika mahitaji ya kesho mlangoni. Nyanya. Mkaa. Sambaza. Dodo.

Afande alisimama nyuma yangu akasoma.

"Dodo ipi?"

Nikafikiri kidogo, nikaongeza pembeni: mafungu mawili, na sita.