Ndoana ubavuni tena
Huku Minnesota, Marekani, ukivua kupitia shimo kwenye barafu ya ziwa na kile kijiko cha bati (chambo bandia chenye umbo la kijiko) chenye ndoana ya ncha tatu, ujue kuna samaki utamnasa tumboni au mkiani bila kukusudia, hasa yellow perch (samaki wadogo wa makundi) wakijaa chini ya shimo maana wanagombania, mmoja anakosa kwa mdomo we unavuta ncha inamwingia ubavuni. Unahisi mzito balaa, unadhani walleye wa maana (samaki mkubwa ambaye wavuvi wanamtafuta), kumbe kadogo tu kanakuja kimshazari kamekwama shimoni hahaha. Majimbo mengi sheria inasema samaki aliyenaswa hivyo nje ya mdomo arudishwe majini, na mi naona sawa. Bora uinue kijiko taratibu, ukitulize, ama uweke ndoana ya ncha moja, ingawa hapo wengine watakuponyoka