Nilimsubiri Alice aponywe

Juzi mpwa wangu alikuwa akipekua rafu yangu ya vitabu, akaniuliza: "Shangazi, mbona hadithi za mapenzi lazima ziishie kitandani?" Nikamwambia si zote, nikamtolea riwaya ya Claire Kann ya mwaka 2018, Let's Talk About Love. Yeye akaenda zake kusoma, mimi nikazama kwenye usiku ule.

Ulikuwa mwaka ule wa kuachwa. Ya kuachwa kwenyewe nayaruka.

Nilijilaza ubavu, kitabu nimekiegemeza kwenye mto. Hata hadithi haijachanganya, Alice anaachwa na mpenzi wake kwa kuwa amemweleza ukweli: yeye ni asekshuali, hamtamani mtu kimwili. Nikakaa kitako. Kisha Takumi akatokea, pale maktabani Alice anapofanya kazi, na moyo wa binti ukaenda mbio. Nikafunga kitabu, kidole kimebaki ndani. Riwaya za namna hii nilizisoma tangu usichana, najua zinakoelekea: msichana baridi, mwanamume sahihi, busu moja, barafu yote ikayeyuka. Sasa wanakuja kumponya, niliwaza. Nilikaa hivyo hadi kidole kikafa ganzi. Nilipofungua tena nilisoma taratibu, kila sura nikiungoja ukurasa huo.

Haukuja. Alice alipenda, akapendwa, akabaki alivyo. Nililia hadi mto ukalowa.

Nilikuwa najua kwamba siko peke yangu. Mwaka 2004 mtafiti Anthony Bogaert alichapisha uchambuzi wa majibu ya Waingereza zaidi ya 18,000, na karibu 1% walisema hawajawahi kuvutwa kimwili na mtu yeyote. Takwimu hiyo ilinieleza kwamba tupo. Kwamba tunaweza kupendwa, hilo nililipata kwa Alice.

Hata hivyo Alice ana miaka 19, na hadithi yake inaishia mapenzi yakiwa bado mabichi. Yule aliyeniacha hakuwa mtu mbaya. Alinipenda, nami nikampenda, tukaishi pamoja miaka mingi, mmoja akitamani na mwingine hatamani, na hakuna aliyekuwa na kosa. Wawili kama sisi nataka waandikiwe riwaya, ndefu, wagombane na kupatana humo ndani. Wakibaki pamoja au wakiachana, mimi nitaisoma. Bado naitafuta.