Mufupa ilipona, maumivu ikabakia

Nilianguka na pikipiki apa Birere, mu Goma, muguu ikapigwa kwa jiwe ya volkano, plasta walishaitoa kitambo na picha ya radio (X-ray) inaonyesha mufupa imeshikana muzuri, lakini usiku hata shuka ikigusa tu naruka. Mama anasema ni baridi ya ziwa (kwake kila kitu ni baridi ya ziwa). Munganga wa kine (ule wa mazoezi ya mwili) ndjo akanielezea: neva inatuma tu habari, ubongo ndjo inaamua iume ao hapana, na habari ikipita sana uti wa mugongo unaongeza sauti yenyewe, mutafiti Clifford Woolf aliionyesha kwa panya mu 1983. Maumivu ikipita miezi 3 wanaiita ya kudumu. Sasa natembea dakika 10 mupaka soko Virunga, ikiuma naenda tu polepole.