Chipu ya zamani isiyojulikana: isome ikiwa bado kwenye bodi

Fundi akikutana na chipu asiyoijua, mara nyingi huing'oa kwanza, halafu ndipo atafute namba ya aina yake. Hapo nusu ya ushahidi imeshapotea, kwa sababu bodi ndiyo inayoonyesha chipu inapewa volti ngapi na mguu upi unakwenda wapi. Piga picha pande zote mbili kabla pasi ya kulehemu haijashika moto.

Kwa hewa yetu ya chumvi hapa Mombasa, redio ya melini au amplifaya kuukuu huja na miguu myeusi. Chipu nyingi za miaka ya 1970 zilipakwa fedha miguuni, na fedha hugeuka nyeusi. Weusi peke yake si dalili ya kufa. Pangusa mgongo wa chipu kwa spiriti na pamba. Thina iache, inaweza kuondoka na wino. Kisha mulika tochi kutoka ubavuni.

Sasa tenga tarehe na namba. Tarakimu nne kama 8432 mara nyingi ni wiki ya 32 ya mwaka 1984. Mtego ni 7432: yaweza kuwa namba ya chipu ya geti za OR (chipu ya lojiki, yaani ya kidijitali), yaweza kuwa wiki ya 32 ya 1974. Lakini 7474 haiwezi kuwa tarehe, maana mwaka hauna wiki ya 74.

Herufi za mbele humtaja mtengenezaji: SN ni Texas Instruments, HD Hitachi, MB Fujitsu, LA Sanyo (LA4440 mafundi wa amplifaya wanaijua). NEC hukata mwanzo wa jina, kwa hiyo D780C itafute kama µPD780C, nakala ya prosesa ya Z80. Namba za ndani za kampuni ndizo zinazochosha zaidi: 1820-0054 ya Hewlett-Packard ni 7400 tu, chipu ya kawaida ya lojiki. Mfumo wa majina wa Kisovieti nao ni wake: К155ЛА3 ni hiyo hiyo 7400.

Maandishi yakiwa yamefutika kabisa, fuata umeme. Weka mita kwenye mlio, anzia kapasita ndogo ya 0.1 µF iliyo jirani na chipu, uone miguu ya kapasita hiyo inaishia kwenye miguu ipi ya chipu; hiyo ndiyo ya umeme. Chipu ya lojiki yenye miguu 14 kwa kawaida huwa na hasi mguu wa 7 na chanya wa 14. Ukikuta chanya 4 na hasi 11, wengi husema haraka "LM324", chipu ya analogi ya kukuza ishara. Ngoja kwanza: 7473, ambayo ni ya lojiki, nayo imepangwa hivyo hivyo. Pima volti bodi ikiwa imewashwa. Ukipata 12, basi si 7473, kwani hiyo hutumia 5.

Chipu iliyokwisha kung'olewa ilishe volti 5 kupitia rezista ya ohm 100, ili mkondo usivuke miliampia 50. Volti kwenye miguu yake zikianguka hadi karibu 0.7, umegeuza chanya na hasi. Kifaa cha kusoma na kuandika chipu kama TL866II Plus kinaweza kuzitambua chenyewe chipu nyingi za lojiki za familia za 74 na 4000. Za analogi hakizitambui kwa njia hiyo.

Yenye kidirisha cha kioo mgongoni mara nyingi ni EPROM, chipu ya kumbukumbu ambayo yaliyomo hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno. Karatasi iliyobandikwa juu huwa na jina la programu, wala si namba ya chipu. Ukiibandua kusoma chini yake, irudishe mara moja: jua kali la moja kwa moja laweza kufuta yaliyomo kwa takriban wiki moja.