Usinionyeshe povu, nionyeshe kilichobaki

Wanaoleta sampuli za dawa ya povu kwenye maabara yetu hapa Maskati huanza vilevile. Mtu anamimina kidogo kwenye silinda ya kioo, anaziba, anatikisa, halafu ananigeukia. Povu limepanda jeupe mpaka juu. Namwambia ni zuri, na nasema kweli. Lakini huko chini ya ardhi, kwenye visima vya mafuta linakotakiwa kufanya kazi, joto si la chumba chenye kiyoyozi.

Kusini mwa Oman kuna mafuta mazito, kama yale ya Mukhaizna, ambayo hudungiwa mvuke ili yalainike yatoke. Shida ya mvuke popote pale ni wepesi wake: hupanda juu ya tabaka la mafuta, hushika njia rahisi na kuibukia kisima cha jirani, mafuta yamebaki. Povu huibana njia hiyo, mvuke ukalazimika kupita kwenye mafuta. Huko Kern River, California, walilijaribu hilo visimani miaka ya 1980.

Sasa fikiria mvuke wa shinikizo la bar 40: joto lake ni nyuzi 250 za Selsiasi. Sabuni za jamii ya salfeti, zile zinazotiwa kwenye shampuu, hazina nafasi humo. Kichwa cha molekuli yake kimeungwa na mkia kwa atomu ya oksijeni, na maji ya moto hukata kwenye kiungo hicho. Inabaki alkoholi ya mnyororo mrefu pamoja na asidi, na asidi hiyo inazidi kuharakisha ukataji. Kwa hiyo uharibifu huanza taratibu, kisha unakwenda mbio. Kwenye salfoneti, jamii nyingine ya sabuni, salfa imeshikana na kaboni moja kwa moja. Ndiyo maana wa Kern River walitumia salfoneti.

Nikifungua mtungi wa salfeti niliouoka tanurini kwa joto la mvuke, naona utando wa mafutamafuta umeelea juu ya maji, ukipoa unaganda kama nta. Hiyo ndiyo ile alkoholi. pH, yaani kipimo cha asidi, iliyoingia ikiwa 8 imeshuka hadi kwenye asidi kali. Hapo hata mgeni anaelewa.

Hatari iko kwenye mtungi ulioharibika kidogo tu. Alkoholi hiyo ikiwa chache hujipanga katikati ya molekuli za sabuni kwenye ngozi ya kiputo na kuikaza, basi sampuli iliyoanza kufa inaweza kutoa povu linalodumu kuliko ile mpya! Anayepima kwa macho ataandika kwamba joto limeiboresha.

Na kinyume chake kipo. Salfoneti za mnyororo mrefu, kaboni 20 na zaidi, ukizitia kwenye maji baridi yenye chumvi zinafanya ukungu na kutuama chini. Ukizitikisa, povu haba. Zipashe moto mpaka joto la mvuke, zinayeyuka na kufanya kazi vizuri. Naumia kila nikisikia dawa ya namna hiyo imekataliwa mezani kwa sababu ya silinda.

Ndiyo maana mimi natenganisha maswali mawili. La kwanza: molekuli imebaki kiasi gani? Hili najibu kwa titresheni, yaani kudondoshea kemikali mpaka kiasi cha sabuni kijulikane, na kwa pH, kabla na baada, kwenye mtungi wa chuma cha pua uliotandikwa Teflon. Kioo sikitaki, kwa sababu maji ya moto sana hukilamba na kubadilisha pH. Kwanza nafukuza oksijeni kwa naitrojeni, maana ardhini haipo, na ukiiacha itaunguza sampuli kwa kosa lisilo lake. La pili: povu lenyewe linasimama kwa muda gani likiwa bado motoni? Maji ya moto ni mepesi, yanachuruzika upesi kutoka kwenye ngozi za viputo, kwa hiyo molekuli inaweza kuwa nzima na povu likaanguka. Hilo hutazamwa ndani ya chombo cha shinikizo chenye dirisha la yakuti.

Mwamba nao una lake. Mwamba wa chokaa, kama wa Qarn Alam, uwanja mwingine wa mafuta wa Oman, hula asidi na kuipa salfeti nafuu kidogo, lakini hutoa kalsiamu inayozigandisha salfoneti ndefu. Kwa hiyo ukija kwetu, acha silinda nyumbani. Leta maji ya kisima chenyewe, kipande cha mwamba, na joto la pale chini lililopimwa. Tanuri ninalo.