Moto, baridi na damu chafu: jinsi tabibu wa pwani anavyousoma mwili

Mwende tabibu wa dawa za Kiarabu Mombasa, Tanga au Unguja, umwambie kichwa kinakuuma. Hataishia kwenye kichwa. Atakuuliza choo unapata vipi, mkojo una rangi gani, nyayo zinawaka au zinakufa ganzi, usiku ulikula nini. Hatafuti kimelea. Anataka kujua mwili umeelemea wapi: moto au baridi, ukavu au majimaji.

Msingi wa elimu hii ni wa matabibu wa Kigiriki, Hippocrates na baadaye Galen. Karne ya 9, Hunayn ibn Ishaq na wenzake waliokuwa Baghdad walivitia vitabu vya Galen katika Kisiriaki na Kiarabu, na kufikia mwaka 1025 hivi tabibu Ibn Sina alikuwa amekamilisha al-Qanun, kitabu chake kikubwa cha tiba. Pwani yetu iliipokea pamoja na vitabu vya Kiarabu, ikachanganyika na mizizi na majani yaliyokuwapo hapa zamani. Ndani ya mwili, husema elimu hii, kuna vimiminika vinne: damu, yenye moto na majimaji, balghamu, yaani kohozi, baridi na majimaji, safura, yaani nyongo ya njano, moto na ukavu, na sauda, nyongo nyeusi, baridi na ukavu. Afya ni vinne hivyo kukaa sawa kwa kadiri ya tabia ya mtu, umri wake na msimu. Kimoja kikizidi au kikiharibika, ndipo maradhi. Maumivu ya viungo tunayoyaita baridi yabisi yamebeba hesabu hiyo mpaka leo.

Vyakula navyo vimegawanywa hivyo hivyo, na mgeni hukosea hapa kwa sababu moto huu si wa jikoni. Tende iliyotoka kwenye friji bado ni ya moto. Dafu lililoshinda juani bado ni la baridi. Tangawizi, pilipili manga, karafuu, mdalasini, kitunguu saumu na asali ziko upande wa moto. Tango, tikiti maji, maziwa na samaki wabichi wako upande wa baridi, ndiyo maana watu wengi hukatazwa samaki na maziwa katika mlo mmoja. Dawa huchaguliwa kwa kinyume: mwenye kohozi jingi apewe vya moto, mwenye kuwaka apozwe.

Kama nidhamu ya chakula, sioni ubaya. Inamfanya mtu aangalie anachokula, usingizi wake na choo chake, mambo ambayo kliniki yenye foleni ndefu haina muda nayo. Ila elimu hii inaeleza vizuri mgonjwa anavyojisikia, halafu inachukua hisia ile ile na kuifanya ndiyo chanzo. Homa ya malaria huanza kwa kutetemeka baridi. Homa ya mzazi aliyeingiwa na vijidudu kwenye kizazi nayo huanza kwa baridi. Zote mbili zikiitwa "baridi imemwingia", zote mbili zitapewa tangawizi.

Hijama, ambayo wazee wa pwani waliiita kuumika au kupiga chuku, inaonyesha jambo hili waziwazi. Zamani ilikuwa pembe ya ng'ombe iliyotobolewa ncha; muumikaji alivuta hewa kwa mdomo kisha akaziba tundu kwa nta. Leo ni vikombe vya plastiki na pampu ya mkono. Wengi hupenda tarehe 17, 19 au 21 za mwezi wa Kiislamu, na mahali pa kwanza ni al-kahil, chini ya shingo katikati ya mabega. Ngozi husafishwa, kikombe kikavu huwekwa dakika 3 hadi 5, kinatolewa, ngozi inachanjwa michanjo midogo isiyopita tabaka la juu, kisha kikombe kinarudishwa dakika 5 hadi 10. Kinachotoka ni damu nyeusi, mara nyingi imeganda kama jeli, na mteja huonyeshwa: hii ndiyo damu chafu iliyokuwa ikikusumbua.

Damu ile si chafu. Imetoka kwenye mishipa midogo ya ngozi, na kikombe kiliikusanya pale kwa dakika kadhaa, oksijeni ikapungua; ndiyo maana ni nyeusi. Imekutana na ngozi iliyochanjwa na ukuta wa plastiki, ikaganda, kama inavyotakiwa damu ya mtu mzima wa afya kuganda. Muumike kijana asiye na ugonjwa wowote, utapata bonge lile lile. Tena mtu akiwa ametulia, damu yake yote huzunguka mwili mzima kwa muda wa dakika moja hivi, basi hakuna damu ya kujificha mgongoni miaka mitatu ikisubiri kikombe. Kazi ya kusafisha ni ya ini na figo. Wapo wanaopata nafuu ya shingo na mgongo, hilo silikatai, lakini wengine huipata kwa kikombe kikavu bila tone la damu kutoka.

Anayetaka kuumikwa atazame wembe: mpya, ufunguliwe mbele yake, utupwe kwenye boksi la vyenye ncha kali. Vikombe vilivyoingia damu havirudiwi kwa mtu mwingine hata vikichemshwa, maana plastiki ina mikwaruzo na homa ya ini B huambukizwa kwa damu kidogo sana. Glavu ni lazima. Mwenye siko seli, mwenye upungufu wa damu, mjamzito na anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, wasichanjwe. Wengine huzimia si kwa kupoteza damu bali kwa presha kushuka ghafla, hivyo mtu alale, asiketi kwenye stuli.

Mzazi wa arobaini naye anatunzwa kwa hesabu ya moto. Amemwaga damu, kwa hiyo amepoa, kwa hiyo arudishiwe joto: uji wa pilipili manga, supu, kukandwa kwa maji ya moto, tumbo kufungwa mkaja. Uji na supu vimeokoa wengi waliokuwa dhaifu. Kukanda ndiko kwenye hatari, hasa kwa aliyepasuliwa. Maji ya moto na mgandamizo juu ya mshono huunguza na kufungua kidonda. Homa, usaha, maji ya ukeni yenye harufu kali, au damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, hayo si ya kukandwa. Ni ya hospitali usiku huo huo.

Nje ya moto na baridi kuna mgawanyo mwingine mkubwa: ugonjwa wa Mungu na ugonjwa wa mkono wa mtu. Wa Mungu una dawa ya kawaida. Wa mtu, wa jicho au wa jini una kombe: aya za Kurani zinaandikwa kwa zafarani na maji ya waridi juu ya sahani nyeupe, kisha zinaoshwa na maji yake kunywewa. Kombe lenyewe halidhuru. Kinachodhuru ni degedege kuwekwa huku. Mtoto wa miaka miwili anakakamaa na kugeuza macho, wanasema amepitiwa na ndege wa usiku, anafukizwa kinyesi cha tembo, na sindano inapigwa marufuku kwa sababu "sindano itamuua". Imani hiyo ina mantiki yake ya kusikitisha: watoto wengi hufikishwa wakiwa wamechelewa, wanachomwa sindano, wanafariki, na sindano inabeba lawama. Degedege lenye homa katika nchi yenye malaria linahesabiwa malaria kali mpaka kipimo kikatae. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe chochote, mkimbize. Dawa ya kwanza ya malaria kali ni artesunate, na sindano hiyo huokoa.

Kuhusu dawa za dukani nitaenda haraka. Tangawizi kavu gramu 1 kwa siku inasaidia kichefuchefu cha mimba. Kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala hupunguza kikohozi cha mtoto aliyetimiza mwaka. Chini ya hapo asipewe kabisa, inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli. Uwatu hushusha sukari, kwa hiyo anayemeza dawa za kisukari anaweza kuanguka. Sana makki, majani ya kulainisha choo, ni ya siku chache. Ukiendelea nayo majuma, potasiamu inashuka na moyo unapiga ovyo. Shubiri isikaribie mimba. Mrututu ni shaba yenye sumu, wala hauna kipimo salama cha kunywa. Wanja wa manga aina nyingine ni madini ya risasi, na unapakwa watoto wachanga machoni!

Tanzania bara kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake linasajili matabibu na vituo. Omba kuona cheti. Na ukifika hospitali baada ya kunywa dawa ya unga, beba pakiti yenyewe pamoja na kilichobaki ndani, hata kama haina jina.