Panya na miti ya matunda nyuma ya nyumba: kata barabara kwanza

Wacha niseme mapema kabla sijapoteza mtu njiani. Kama panya wanakula ovakedo zako usiku, shida si idadi ya panya, shida ni kwamba wana barabara mpaka juu ya mti na wewe ndiye umewajengea. Watu wengi hapa Jinja, Uganda, wakiona tu embe limetobolewa wanamsubiri yule kijana wa spika, si mnamjua, anapita mtaani na sauti yake imerekodiwa inajirudia tu, eddagala ly'emmese, eddagala ly'ebiyenje, yaani dawa ya panya, dawa ya mende, anakupa kapakiti kadogo hakana hata jina, unachanganya na posho, yaani ugali, unatupa nyuma ya nyumba unalala raha. Baada ya muda panya wamerudi na paka wa jirani ndo amekufa.

Na lazima warudi bana. Panya jike anabeba mimba wiki 3 hivi, anazaa watoto 6 mpaka 8, saa zingine zaidi, na hao watoto wakifika miezi 3 nao tayari wanazaa. Sasa wewe umeua kumi, chakula bado kipo, njia bado ipo, wale wa kwa jirani wanasikia nafasi imepatikana wanahamia. Utanunua hivyo vipakiti mpaka lini?

Lakini kwanza hakikisha ni panya kweli, manake panya wa mji huu wanasingiziwa mengi. Popo ndiye mwizi mkubwa pia, na yeye halili tunda lote, anatafuna anafyonza maji anatema makapi, kwa hiyo asubuhi unakuta chini ya mti vidonge vya nyuzi nyuzi vimekauka, na saa zingine unaokota embe chini ya mti ambao hata si mwembe, amelibeba akaliangusha huko. Ndege wanakula mchana na wanadonoa shimo lenye kingo zilizochanika. Tumbili huhitaji upelelezi, utamwona, anang'ata mara moja anatupa anachukua lingine. Panya yeye anaacha alama za meno mawili mawili zimekwaruza nyama ya tunda, na kinyesi chake kinabaki palepale kwenye panda ya tawi, vipande vyeusi vyenye ncha, urefu kama sentimita moja na kitu.

Alama ambayo haidanganyi ni chungwa. Unaona chungwa linaning'inia, rangi nzuri, unasema hili nitalichuma Jumapili. Ukilishika ni jepesi, unaligeuza upande wa nyuma kuna tundu la kutosha kupita kidole gumba, ndani hamna kitu, ganda tupu limebaki limening'inia na kikonyo chake. Hiyo ni kazi ya panya wa paa, hakuna mwingine anakula kwa ustadi hivyo.

Nimesema panya wa paa kwa sababu si kila panya anapanda. Kuna yule mkubwa wa mitaroni, mzito, masikio madogo, mkia mfupi kuliko mwili, huyo anachimba mashimo na kukaa chini, akipanda mti ni kwa shida. Wa matunda ni yule mwembamba, masikio makubwa, mkia mrefu kupita mwili wake, wataalamu wanamwita Rattus rattus. Ukimnasa mmoja vaa glovu au mfuko wa kaveera (plastiki) mkononi, ukunje mkia kuelekea kichwani, ukipita pua ni wa paa. Huyu analala juu, kwenye dari, kwenye mabati ya zamani, kwenye majani makavu ya mgomba yale yamening'inia hayajakatwa miaka, na ukiwa na hizi nyumba za zamani za Jinja zenye dari za mbao na miembe imelalia paa basi umempa nyumba na hoteli kwa pamoja.

Sasa barabara. Siku moja jioni toka nje, simama, fuata kila kitu kinachogusa mti wako. Sisi kwetu ilikuwa kamba ya nguo! Imefungwa kwenye mwembe upande mmoja na upande wa pili kwenye msumari chini ya paa, mama mkwe ndiye aliifunga zamani na hakuna mtu alikuwa anaiwazia, na kumbe usiku panya wanatembea juu yake bila haraka yoyote. Ukutani pale msumari ulipo kulikuwa na mstari mweusi unang'aa ng'aa, ukigusa ni mafuta. Ni mafuta na uchafu wa manyoya yao wanapopita palepale kila siku. Mkiona huo mstari, iwe ukutani, kwenye shina au kwenye mbao ya paa, mjue mmepata barabara kuu. Kamba tukaihamishia kwenye nguzo mbili za chuma, mama mkwe akanuna kidogo, ati jua halifiki vizuri huko, lakini amezoea.

Matawi nayo. Panya wa paa anaruka kama mita moja na kidogo kwenda mbele, akiwa juu akitazama chini anafika mbali zaidi, kwa hiyo kukata tawi liwe nusu mita kutoka kwa paa ni kujichosha bure. Acha mita 2 kamili kati ya tawi na paa, ukuta, fensi na mti mwingine. Pasheni iliyopanda fensi ikafika mtini, ikate. Waya za umeme usiguse wewe, waite watu wa umeme wenyewe, usije ukafa kwa ajili ya ovakedo.

Ukishamaliza hapo mti unakuwa kisiwa, njia inabaki moja tu, shina. Na shina ndo unalifunga bati. Nenda kwa mafundi wa jua kali wale wanaotengeneza masanduku na sigiri, uliza kipande cha bati pleni, lisiwe lenye mikunjo, manake ile mikunjo panya anaweka kucha anapanda vizuri tu. Upana uwe sentimita 50 mpaka 60, urefu wa kuzunguka shina na kubaki kidogo ya kupishana. Ukingo wa chini uwe juu ya mita 1 kutoka ardhini, kwa sababu panya anaruka juu karibu mita, na ukiliweka chini sana analiruka tu. Kati ya bati na gome usiache mwanya mkubwa wa kupenya, shina likiwa na mashimo mashimo ziba kwa chini na kitambaa cha waya. Usipige misumari kuzunguka shina lote jamani. Mti unanenepa, bati halinenepi, gome linabanwa na mti unakufa polepole halafu unasema ni uchawi. Funga kwa springi au waya mwepesi, na kila mvua kubwa zikiisha legeza. Matawi yanayoshuka chini ya bati yote yatoke, na usiegemeze ngazi, mti wa kuchumia au baiskeli hapo, utashangaa ni mara ngapi watoto wanaegemeza kitu.

Papai ndo rahisi kuliko yote, shina moja limenyooka. Fenesi ndo linatutesa, matunda yanatoka kwenye shina lenyewe, mengine karibu na ardhi, sasa bati utaweka wapi? Kwa hayo ya chini mimi nayavisha wavu wa waya wenye matundu madogo, sentimita moja hivi, ule wa kuku matundu yake ni makubwa panya mdogo anapita. Gunia usijisumbue, linazuia nzi lakini panya analitoboa usiku mmoja.

Chini ya miti kuna mambo yako na sitayazungusha. Okota matunda yaliyoanguka kila jioni, si asubuhi, manake mezani kwao ni usiku. Chakula cha kuku kiwe kwenye pipa lenye mfuniko, na kile kilichobaki kwenye sahani za kuku kitolewe kabla ya giza, mimi naamini kabisa panya wengi wa mtaa huu wanalelewa na mash ya kuku na matunda ni dezati tu. Maganda ya matooke wape mbuzi. Kuni, matofali na mabati ya akiba yainue juu ya mawe, yasikae yamelala ukutani, na migomba itolewe majani makavu.

Wale waliobaki ndani ya kisiwa chako unawatega. Mtego wa springi, ule wa kawaida wa mbao, chambo ni mukene, yaani dagaa, wa pale Masese ziwani, au karanga ya kusaga, ila mukene ufunge na uzi asije akauchomoa na kwenda. Panya anaogopa kitu kipya, kwa hiyo mtego ukae siku kadhaa una chakula lakini haujategwa, ale, azoee, ndo uutege. Uweke uwe pembe mraba na ukuta, chambo kielekee ukutani, yeye anatembea huku sharubu zinagusa ukuta, katikati ya uwanja hapiti.

Dawa mimi siiweki nyuma ya nyumba yenye watoto na kuku. Zile za kuzuia damu isigande zinaua baada ya siku 3 mpaka 7, katika hizo siku panya anatembea amelegea mchana kweupe, paka anamkamata, bundi anamkamata, nao wanapata ile sumu. Na tukizungumzia bundi, tuwache kumpiga mawe ndugu zangu. Najua, akilia juu ya paa kila mtu anataja mgonjwa aliye naye nyumbani, hata jaja, yaani mzee, wa hapo nyuma yetu alituma vijana wamfukuze na fimbo. Lakini chakula cha huyo ndege ni panya usiku kucha. Mimi nikasema jaja samahani, huyo mgeni wangu, acha akae.

Kwa ndugu zangu wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, Arua na Zombo huko, hili lenu ni zito zaidi ya matunda. Tauni imekuwa huko miaka mingi na inaletwa na viroboto vya panya, na panya akifa kiroboto kinaruka kutafuta mwili mwingine wenye joto, ambao unaweza kuwa wako. Kwa hiyo huko mkiona panya wanakufa ovyo wenyewe msiwashike, mwambieni VHT, yule mhudumu wa afya wa kijiji, au kituo cha afya haraka, na msianze kuua panya kwa wingi ndani ya nyumba kabla viroboto havijashughulikiwa. Na popote ulipo, tunda lililong'atwa usikate upande mbovu ukala mzuri, hujui ni panya au popo na hujui amekojolea wapi.

Kama pesa ni ya bati moja, utafunga mti gani? Ovakedo hailainiki mtini, ikikomaa unaichuma ngumu inaiva ndani kwenye mchele au gazeti. Embe likikomaa nalo litaiva nyumbani, fenesi ukiligonga likatoa sauti nzito ya mvungu na harufu imeanza kidogo tu unaweza kulishusha, papai likianza mstari wa njano pia. Haya yote unaweza kumwahi panya kwa kuchuma mapema. Chungwa ndo haliwezekani, ukilichuma chachu linabaki chachu, lazima liivie mtini. Bati la kwanza lifunge kwenye mchungwa, na kwa kuwa mchungwa huanza matawi chini kabisa, utatoa yale ya chini msimu huu matunda yakiisha ili shina lipate nafasi, mavuno yatapungua kidogo mwaka wa kwanza.